Mama Fundi Anajibu: Gari la Umeme Likishapita Mia

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: nikiongeza hela nikachukua toleo la juu la gari lilelile la umeme, napata nini nikiwa tayari niko mbio? Hawaulizi habari za kuondoka kwenye mataa. Wanauliza pale spidi iko themanini, mia au mia na ishirini, mbele kuna lori, na mguu unashuka. Swali zuri, na brosha nyingi hazilijibu kwa sababu hesabu zake zinaishia mia. Barua ya Al Ain nimeifupisha. Mwandishi wake alitumia nusu karatasi kumsema shemeji yake.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mzaliwa wa Tanga, ufundi nimeusomea Chang'ombe, na sasa nashughulika na umeme wa magari kusini mwa Ujerumani, nje kidogo ya Stuttgart. Maswali ya dizeli bado nayapokea.

Shikamoo Mama Fundi. Nataka Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Muuzaji ana mbili: ya betri ya kilowati-saa 40, na e+ ya 62. Anasema tofauti ni umbali tu, mbio ni zilezile. Mimi huenda Nakuru mara kwa mara na kinachonitisha ni kuovateki matrela. Anasema kweli?
*Msomaji, Ruiru*

Marahaba, mwanangu. Muuzaji wako kasema nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo unayoihitaji wewe.

Leaf ya 40 ina mota ya kilowati 110 na torki ya nyutoni-mita 320. Hiyo e+ ina kilowati 160 na torki 340. Zitazame vizuri hizo namba. Torki imeongezeka kiduchu, kilowati zimeongezeka karibu nusu. Torki ndiyo inayokubandika kwenye kiti gari linapoondoka. Kilowati ndizo zinazobaki na kazi magurudumu yakishashika kasi. Kwa hiyo ukiyapambanisha magari hayo mawili kutoka kwenye mataa mpaka hamsini, hamtapata tofauti ya kutambiana. Yapeleke Gilgil nyuma ya trela, hapo e+ itajitambulisha.

Na si maneno yangu. Nissan walipoitoa e+ Januari 2019 walisema wenyewe kwamba muda wa kutoka 80 hadi 120 umepungua kwa karibu asilimia 13. Spidi ya mwisho nayo ikapanda kutoka 144 hadi 157. Utaniuliza: kilowati zimeongezeka karibu nusu, mbona muda umepungua kwa 13 tu? Kwa sababu kilowati za brosha ni za kileleni, na mota haikai kileleni safari nzima. Tena e+ imebeba betri nzito zaidi. Ndiyo maana nawaambia watu waulize muda wa 80 hadi 120 kabla ya kuuliza kilowati.

Sasa ipime kwa jicho la barabarani. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, kila sekunde inayopita umeshakwenda mita 28. Tuseme Leaf ya 40 inatumia sekunde sita kwa 80 hadi 120. Punguza asilimia 13, umeokoa zaidi kidogo ya robo tatu ya sekunde, na hiyo ni mita ishirini na ushee: trela zima na nafasi ya kurudi upande wako. Lakini pale ambapo barabara haijagawanywa sheria ya Kenya inakufunga kwenye 100, kwa hiyo utakachofaidi wewe ni kipande cha mwanzo tu cha hiyo hesabu.

Kuna zawadi moja ya umeme ambayo muuzaji hakukutajia. Ukipanda kutoka Naivasha kupitia Kinungi kwenda Kinale, uko juu ya mita 2,000 na hewa ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na turbo inakosa pumzi pale, unakanyaga na inanung'unika tu. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haipotezi kitu. Kinyume chake, hewa nyepesi inaizuia kidogo kuliko ile ya Mombasa.

Kabla hujatoa pesa, washa gari uangalie kipimo cha afya ya betri: vile vijistari 12 vilivyopangwa pembeni ya kipimo cha chaji. Betri iliyochoka haipunguzi umbali peke yake. Ukikanyaga sana, volti zake zinaanguka haraka, na kompyuta inabana nguvu kuilinda. Leaf pia haina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo mlima mrefu kwenye jua la saa nane unaipasha. Ukiona taa yenye alama ya kobe, gari linakuambia limepunguza nguvu. Usiingie upande wa pili wa barabara kobe akiwa amewaka. Kwa safari zako, Leaf ya 40 yenye vijistari vyote naichukua mbele ya e+ iliyopoteza vitatu. Kama hali ya betri ni sawa na pesa ipo, chukua e+ bila kusitasita.

Assalaam alaykum Mama Fundi. Nina Model 3 Long Range, shemeji yangu kanunua Performance. Kwenye ukurasa wa Marekani wa Tesla langu limeandikwa sekunde 4.2, lake 2.9, kufika maili 60. Anadai hata tukiwa tayari tuko 100 ananiacha kwa tofauti hiyohiyo tukifika 160. Naona anaongeza chumvi. (Hapa nimekata.) Amani ya nyumba iko mikononi mwako.
*Msomaji mzaliwa wa Unguja, Al Ain*

Waalaykum salaam. Shemeji yako atakuacha, lakini si kwa hesabu hiyo. Nyote wawili mmesoma namba mbili ambazo hazikupimwa kwa kipimo kimoja.

Teremka chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo. Kwa Performance wameandika kwamba sehemu ya mwanzo ya kusogea imetolewa kwenye muda. Huo ni utaratibu wa mashindano ya robo maili ya Marekani: saa haianzi gari linapotikisika, inaanza tairi likishasogea kama futi moja na kuachia mwale wa taa kwenye mstari. Futi moja ni sentimita 30 tu, lakini ni sentimita 30 za polepole kuliko zote, na zinakula karibu robo sekunde. Gari lako halikupewa msamaha huo. Kwa hiyo katika ile 1.3 inayokukosesha usingizi, sehemu ya tano hivi ni ya karatasi. Tena maili 60 ni kilomita 96 na nusu, hazifiki mia.

Sehemu nyingine ni matairi. Performance ya 2024 imevalishwa matairi mapana ya nyuma yanayong'ang'ania lami. Kutoka sifuri hadi hamsini gari la nguvu kama hizo linazuiwa na mshiko wa tairi kuliko mota, kwa hiyo mpira mzuri ni sekunde. Ukiwa tayari uko 100, tairi lako halitelezi hata ukikanyaga mpaka sakafuni, na faida ya mpira wake inayeyuka.

Kinachobaki baada ya hapo ni kilowati, na hapo ndipo ana haki ya kujisifu. Chukua gari la kilo 2,000, wewe ukiwa ndani. Kulitoa sifuri hadi 100 kunadai nishati ya kilojuli 770 hivi. Kulitoa 100 hadi 160 kunadai 1,200. Ndiyo, sitini za juu ni ghali kuliko mia za chini, kwa sababu nishati inapanda kwa mraba wa spidi. Halafu hewa nayo inadai chake. Kwa umbo la Model 3, ambalo limelainishwa sana, nakadiria hewa peke yake inakula kilowati kama 7 ukiwa 100, na kama 27 ukiwa 160. Ukifika 200 inadai zaidi ya 50, hata kama huongezi kasi, unaelea tu. Spidi mara mbili, kilowati mara nane.

Na wakati bili inapanda, mota yenyewe inaanza kushuka. Model 3 lina gia moja, takriban tisa kwa moja. Ukiwa 160 mota inazunguka zaidi ya mara 11,000 kwa dakika. Mota yenye sumaku ikizunguka hivyo inageuka nusu jenereta: inazalisha volti zake zinazosukuma kinyume cha betri. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuzungusha mota, inalazimika kutumia sehemu ya umeme kuidhoofisha ile sumaku ili izidi kuzunguka. Ndiyo maana gari la umeme lililokurusha kama kombeo kwenye 40 linakuvuta kistaarabu kwenye 170. Toleo lenye mota na inveta kubwa linaanza kuchoka baadaye, na hiyo ndiyo tofauti ya kweli ya shemeji yako. Kama kweli mko pamoja 100 mkakanyaga kwa mpigo mmoja, ataanza kujivuta mbele taratibu na ataendelea kujivuta. Hakutakuwa na ule mruko wa kuondokea ambao ndiyo uliozaa 2.9.

Kikomo cha kiwandani pia kimewatenganisha. Baada ya kubadilishwa sura, Long Range inakatwa kwenye 201, wakati Performance inaruhusiwa kwenda takriban 260. Kwa barabara zenu haikuhusu. Barabara ya Abu Dhabi kwenda Al Ain ni 160, na tangu Agosti 2018 zile 20 za huruma juu ya kikomo zilifutwa, kwa hiyo kamera inawaka 161. Lakini inakuonyesha kwamba sehemu ya "toleo" ni namba iliyoandikwa kwenye kompyuta. Mwishoni mwa 2019 Tesla waliwauzia wenye Long Range ya mota mbili kuongezewa kasi kwa dola 2,000, kupitia intaneti: gari lililala na 4.4 likaamka na 3.9, bila fundi kugusa bolti. Mimi kama fundi hilo liliniuma kidogo.

Ukitaka toleo ambalo ujuzi wake uko juu kabisa ya spidi, tazama Model S Plaid la 2021 dhidi ya Model S la kawaida. Mota tatu, nguvu farasi 1,020, na rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, zimevishwa gamba la nyuzi za kaboni ili zisitanuke zikizunguka hadi mara 20,000 kwa dakika. Watu walishangilia sekunde mbili za mwanzo. Mimi nilishangilia hilo gamba, maana ndilo linaloliwezesha gari kuendelea kuvuta mahali ambapo wenzake wameshapoa.

Kuhusu nyumba yako: nendeni Yas Marina usiku wa mashindano ya mbio za moja kwa moja, mlipe kiingilio, mmalizane pale. Nyote mje na chaji inayolingana. Akija na asilimia 95 nawe una 35, umeshashindwa kabla hujafunga mkanda.

Mama Fundi shikamoo. Kijiweni Sinza kuna ubishi wa Porsche Taycan. Jamaa mmoja anasema Turbo S ni gari jingine kabisa kulinganisha na Turbo. Mwingine anasema ni bei tu. Na je, ni kweli lina gia mbili? Kuna soda za kijiwe kizima hapa.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Marahaba. Hiyo soda nitaigawa mwenyewe.

Tuchukue magari yalivyotoka 2019, maana hapo namba zimenyooka. Kwa siku ya kawaida, Turbo na Turbo S yana nguvu sawasawa: kilowati 460. Nimerudia ili kijiwe kisikie: sawasawa. Tofauti inakuja ukitumia utaratibu maalumu wa kuondokea, ambapo unabana breki kwa mguu mmoja, unakanyaga kwa mwingine, halafu unaachia. Hapo Turbo inapewa hadi 500 kwa muda mfupi, Turbo S inapewa 560. Inveta ya mbele ya Turbo S ni ya ampea 600, ya mwenzake ni 300. Huko ndiko sehemu ya pesa ilikokwenda.

Kutoka sifuri hadi 100, Turbo ni 3.2 na Turbo S ni 2.8. Kutoka sifuri hadi 200, ni 10.6 na 9.8. Sasa fanya kile ambacho brosha haikufanyii: toa. Kutoka 100 hadi 200, Turbo inatumia 7.4 na Turbo S 7.0. Nusu ya tofauti yote imeshaliwa kabla ya mia, na hiyo ni mbio iliyoanza na msaada wa kuondokea. Mtu anayetambaa na 130 kwenye barabara kuu akaamua kukanyaga hajaondokea popote, kwa hiyo anabaki na zile 460 kama jirani yake. Bei Ujerumani wakati ule zilikuwa euro 152,136 na 185,456. Ndani ya tofauti hiyo kuna breki za kauri na vitu vingine vya maana, siyo sekunde tupu, lakini kwa ubishi wenu wa mbio zikiwa zimeshakolea, aliyesema "gari jingine kabisa" anunue soda.

Gia mbili ni kweli, na ziko kwenye ekseli ya nyuma. Mbele ni moja tu. Ya kwanza ni fupi sana, takriban kumi na tano kwa moja, ya kuondokea. Ya pili ni kama nane kwa moja, ya mwendo mrefu. Magari mengi ya umeme yana gia moja ya katikati na yanaishi na hasara pande zote. Porsche wakaona hapana, wateja wetu wanakaa kwenye barabara zisizo na kikomo, tuwape gia ya juu ili mota isiishiwe pumzi kwenye 200.

Niliwahi kupanda Turbo ya mteja, mimi nikiwa abiria na kompyuta ya kupimia mapajani, kwenye barabara ya A81 kuelekea Rottweil. Katika hali ya mchezo gari linaondoka na gia ya kwanza, na likikaribia mia unasikia teke dogo kutoka nyuma, kama mtu kagusa kiti chako kwa goti. Baada ya teke hilo mstari wa nguvu kwenye skrini yangu haukuporomoka. Ulilala sambamba, ukaendelea kulala, mpaka mwenye gari akaona kibao cha 120 na kuachia. Katika hali ya kawaida mara nyingi linatumia gia ya pili peke yake na hulisikii teke.

Kwa wapenda makubwa wa kijiwe: 2024 walitoa Turbo GT, na lenye kifurushi cha Weissach linafika 200 kwa sekunde 6.4. Viti vya nyuma vimeng'olewa. Wabishi wote hamtaenea.

Hujambo Mama Fundi. BYD Seal hapa Uingereza lina Design ya sekunde 5.9 na Excellence ya 3.8, lakini yote mawili yanaishia 180. Tofauti ilikuwa paundi 3,000. Mume wangu anataka la 3.8. Tuna watoto watatu.
*Msomaji, Reading*

Sijambo, mdogo wangu. Kikomo chenu cha juu ni maili 70, yaani 112, kwa hiyo hiyo 180 isiwashughulishe. Design ina kilowati 230 nyuma. Excellence imeongezewa mota ya 160 mbele, jumla 390, na uzito wa kilo 130 hivi. Kwa kuingia barabara kuu ukiwa 80 na kupita basi, 230 zinatosha na kubaki. Mimi naendesha gari dogo kuliko hilo na sijawahi kuomba msamaha kwa mtu.

Faida ya kweli ya Excellence kwenu ni magurudumu manne yanayovuta kwenye mvua, na hiyo ni hoja. Sekunde 3.8 ni za baba. Akishinda, mwambie aweke hali ya kuendesha kwa upole siku za shule. Mtoto aliyekula uji wa maziwa asubuhi hachelewi kuurudisha.

Mama Fundi, naona nimeibiwa. ID.3 yangu kwenye brosha ni kilowati 150. Kwenye kadi ya usajili, sehemu ya P.2, imeandikwa 70. Nusu ya gari langu iko wapi?
*Msomaji, Berlin*

Iko mahali pake, tulia. Swali hili linaingia gereji kwetu kila mara, na wengi wanaingia nalo wakiwa wamekunja shati.

Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa inapima mota ya umeme kwa njia mbili: nguvu ya kileleni, na nguvu ambayo mota inaweza kuitoa dakika 30 mfululizo bila kupita kiwango cha joto. Brosha inapenda ya kwanza. Kadi ya Ujerumani inaandika ya pili. Ukikanyaga kuovateki unatumia ile 150, kwa sekunde kadhaa, halafu unaachia na shaba ya ndani inapoa.

Usiidharau hiyo 70. Kwa hesabu yangu, kuishikilia ID.3 kwenye 160, ambako ndiko inakokatwa, kunadai kilowati kama 40. Unabaki na akiba. Ila unapolinganisha matoleo mawili kwa safari ndefu za kasi, tazama P.2 za yote mawili kabla ya kutazama sekunde. Utakuta matoleo yanayopishana sana kwenye brosha na yanayokaribiana kwenye kadi. Hayo ni yale ambayo la juu litakuburudisha mara mbili tatu likiwa baridi, kisha litarudi kukaa na mdogo wake.

Shikamoo. Mimi na binamu tuna magari ya aina moja, matoleo tofauti. Tunataka kupima wenyewe nani anavuta zaidi mwendo ukishakolea, bila kugongana na bila kukamatwa. Tuna simu tu.
*Msomaji, Mombasa*

Marahaba, na ahsante kwa kutaja kukamatwa.

Kwanza, acheni kufukuzana. Pimeni gari moja kwa wakati wake, peke yake, kwenye kipande kirefu kilichonyooka, asubuhi mapema. Mkiwa na 60 hadi 100 mmepata mnachotaka na hamjavunja sheria; gari lenye akiba ya juu linaanza kujionyesha hapo hapo. Abiria ndiye anayeshika simu. Dereva anashika usukani na hana kazi nyingine.

Msipime kwa ramani ya simu. Simu nyingi zinasoma setilaiti mara moja kwa sekunde, na mnatafuta tofauti iliyo ndogo kuliko sekunde. Abiria arekodi video ya dashibodi, kisha mkikaa nyumbani mhesabu picha kuanzia namba 60 inapotokea mpaka 100. Video ya picha 30 kwa sekunde inawapa usahihi wa kutosha. Kasoro ni kwamba spidomita zinaongopa, na zinaongopa kwa ruhusa: kanuni ya kimataifa inakataza zisome chini ya spidi halisi, lakini zinaweza kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita nne juu yake. Magari ya aina moja kwa kawaida yanaongopa karibu sawa, ila mmoja akibadilisha saizi ya matairi mchezo umeharibika.

Pimeni kwenda na kurudi kwenye kipande kilekile, mchukue wastani, maana upepo wa bahari na mteremko ambao jicho halioni vinabeba sehemu za sekunde. Jazeni matairi sawa. Zimeni viyoyozi au washeni vyote viwili. Kaeni watu walewale kwenye kila gari. Kilo 90 za binamu ni kilo 90. Mkimaliza kwenye asilimia 80 ya chaji, rudieni betri zikiwa 30, kwa sababu kuna matoleo yanayoshinda yakiwa yameshiba na kushindwa yakiwa na njaa, na hilo ndilo ningependa kuliona.

Nitumieni karatasi. Pembeni ya kila muda andikeni asilimia ya chaji na joto la nje, la sivyo nitawarudishia.